"Yatang'oka Tu"

Juzi nimemsikia tena mzazi akisema: meno ya utoto hayo, si yatang'oka tu? Mtoto mwenyewe, wa miaka minne hivi, alikuwa kashika shavu, anatafuna kwa upande mmoja. Hasira haijaniisha mpaka sasa.

Yatang'oka, sawa. Lakini lini? Ya mbele huanza kung'oka kwenye miaka 6 hivi, ila magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10, hata 12. Gego likioza mtoto akiwa na miaka 4, hiyo ni miaka mingi ya kula kwa maumivu, kuamka usiku akilia, kukataa chakula, na sisi tunasema anadeka. Tena chini yake, ndani ya taya, jino la ukubwani linajijenga. Usaha ukifika kwenye mizizi ya jino bovu, unaweza kuliharibu hilo la chini kabla halijachomoza. Ukiling'oa bovu mapema, meno ya jirani huegemea kwenye pengo, na jipya likija linakosa nafasi, linaota upande. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watoto milioni 514 wana meno ya utoto yaliyooza. Milioni 514, na bado tunasema yatang'oka tu!

Halafu kuna lile gego la kwanza la ukubwani. Huota nyuma kabisa kwenye miaka 6, bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hulidhania la utoto.

Nakubali, kumpigisha mswaki mtoto wa miaka 2 ni vita. Anafumba mdomo, anang'ata mswaki, na wewe umechoka. Mpigishe hivyo hivyo. Mlaze kichwa mapajani pako, inua mdomo wa juu kwa kidole, tazama pale jino linapokutana na fizi. Ukiona mstari mweupe usiong'aa, jino limeanza kuoza, lakini hapo bado linaokoka bila kuchimbwa. Mpeleke kwa daktari wa meno wiki hiyo hiyo.

Dawa ya mswaki iwe yenye floridi, madini yanayoimarisha meno, kiasi cha punje ya mchele mpaka atimize miaka 3. Asilale na chupa ya maziwa mdomoni, maana usingizini mate hupungua na sukari hubaki juu ya meno. Na akijua kushika mswaki usimwachie peke yake. Mpaka miaka 7 au 8, mkono wake hausafishi vizuri kule nyuma kwenye magego. Hiyo bado ni kazi yako.