Teke la bunduki lisimwangukie msoma nyayo

Wiki chache kabla msimu haujafunguliwa Julai, mwindaji bingwa mmoja hapa Arusha aliniletea .375 H&H yake, bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa, akilalamika kwamba imeanza kumpiga teke asilolijua. "Si ukali tu," alisema. "Inanizungusha. Inanipiga kofi la shavu." Bunduki yenyewe naifahamu. Miaka yote ilikuwa na kitako kizito cha mti wa walnut, na teke lake lilikuwa la kusukuma bega, linalozoeleka. Sasa ilikuwa imevalishwa kitako chepesi cha faiba, pamoja na breki kwenye mdomo wa mtutu, yaani kile kipande cha chuma chenye matundu kinachotawanya gesi pembeni ili bunduki isirudi nyuma kwa nguvu.

Ukikaa na mafundi na wawindaji mjini, utakuta wamegawanyika kuhusu kubadilisha bunduki ili kupunguza teke. Wengi wa wazee wanasema bunduki iachwe kama ilivyotoka kiwandani, mtu ajifunze kuishika. Wana hoja, na mizani inawaunga mkono. Risasi ya .375 yenye gramu zipatazo 19 hutoka kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde. Bunduki ya kilo 4.2 huipokea kwa kurudi nyuma na nishati ya takriban jouli 50. Ipunguze ibaki kilo 3.6, kwa risasi ileile, na nishati hiyo inapanda kwa karibu asilimia 17. Zile gramu 600 ulizofurahia kutozibeba kutwa kwenye vumbi la Longido, bega linakudai jioni.

Vijana wanaotaka breki nao hawasemi upuuzi. Mtu anayeogopa teke hushtuka kabla ya mlio: macho yanafumba, kidole kinavuta kwa pupa, risasi inaingia tumboni badala ya moyoni. Nyati aliyejeruhiwa hivyo huingia kichakani akasubiri. Breki nzuri inaweza kukata theluthi ya teke, hata nusu, na mwindaji mgeni aliyekuwa akirusha risasi ovyo akaanza kupiga pale anapolenga. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja, na sitaki mtu aniambie ni uzembe wa kutaka raha.

Ila kwenye mabishano haya yote, mtu mmoja hatajwi. Ni nani anayetangulia kuingia kichakani kufuata damu ya nyati aliyepigwa vibaya? Msoma nyayo. Na ni nani anayesimama hatua moja kando ya mtutu, ameshika fimbo za kuegemeza bunduki, gesi ikitawanywa pembeni? Ni yeye yule. Mlio unaozidi desibeli 140 unaweza kuharibu sikio papo hapo, na bunduki za aina hii huvuka hapo hata bila breki. Ukiweka breki, mlio uliokuwa unakwenda mbele unageuzwa kwa walio kando. Mzee anayefanya kazi na huyu bwana aliniambia, "Mwanangu, hicho kidude kinanipiga mimi kuliko kinavyompiga bosi." Masikio yake ndiyo yanayowasikia ndege wanaoshinda mgongoni mwa nyati wakiruka, kabla nyati mwenyewe hajaonekana. Akiyapoteza, amepoteza kazi, na amewapoteza wote walio nyuma yake.

Turudi kwenye teke lenyewe. Bunduki ikianza kupiga tofauti, kosa la kwanza ni kukimbilia kulaumu vilivyobadilishwa, au kumlaumu mpigaji. Mimi naanza na ganda la risasi. Bolti, yaani komeo linalofunga risasi ndani ya bunduki, imekuwa ngumu kufunguka? Fataki, kile kidude cha nyuma ya ganda kinachowasha baruti, imebonyea ikawa bapa, au imetoboka? Kuna alama ya kung'aa kwenye kitako cha ganda? Ukiona mojawapo ya hayo, acha kupiga hapohapo, maana huenda shinikizo ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kwenye mtutu, limepita kiasi, na mpira mpya wa begani hautakuokoa. Inaweza kuwa baruti iliyozidi kwenye risasi za kujazwa upya, mafuta yaliyobaki kwenye chemba, kitu kilichoziba mtutu, au boksi la risasi lililosahaulika kwenye dashibodi ya Land Cruiser juani. Waingereza waliijua hatari ya joto zamani. Ganda la .416 Rigby, risasi ya wanyama wakubwa ya mwaka 1911, lilifanywa kubwa hivyo ili shinikizo libaki chini, kwa sababu kordaiti, baruti ya enzi zile, ilikuwa inachachamaa kwenye nchi za joto.

Maganda ya huyu bwana yalikuwa safi. Hapo ndipo nikaigeukia breki. Matundu yake ya juu, yaliyotakiwa kutazama angani, yalikuwa yameelekea kulia. Fundi aliyeifunga aliikaza mpaka ikagoma, akaiacha ilipogomea. Gesi ikitokea kulia, mtutu unasukumwa kushoto, na kwa mtu anayelenga kwa bega la kulia, kitako kinamfuata shavuni. Kofi alilosema lilikuwa la kweli kabisa.

Hata hivyo breki haikuwa peke yake. Nilichora mstari mwembamba wa penseli pale chuma kinapokutana na kitako, nusu huku, nusu huku, tukapiga risasi tatu. Mstari ulikatika: upande wa chuma ulikuwa umerudi nyuma karibu unene wa kucha. Chini ya chemba kuna jino la chuma linalopaswa kukaa limebana kwenye kitako ili lipeleke teke begani kwa msukumo mmoja. Kwenye kitako kipya jino hilo lilikuwa na nafasi. Chuma kilikuwa kinaruka kwanza, ndipo kinagonga. Kwenye kitako cha mti, ulegevu huo huanza kuonekana kama ufa mwembamba nyuma ya mkia wa chuma, na wengi huudhania mkwaruzo.

Msimamo wangu si wa wazee, wala si wa vijana moja kwa moja. Mabadiliko yanayoifanya bunduki imkae mtu vizuri, kama urefu wa kitako, mpira laini wa begani, au darubini iliyosogezwa isimpasue nyusi, nayaunga mkono bila kusita. Breki naikubali kwenye uwanja wa shabaha, kila mtu akiwa amefunika masikio. Porini, sikubali mwajiri anunue nafuu ya bega lake kwa masikio ya mtu mwingine.

Kwa hiyo tulilijengea lile jino kwa gundi ya epoksi mpaka likabana, tukajaza uzito ndani ya kitako kilichokuwa na uwazi, tukaivua breki. Kuvua breki huhamisha mahali risasi inapopiga, hivyo tulilazimika kuisawazisha darubini upya. Mzee alikuja uwanjani siku hiyo, nikampa vizibo vya masikio, kwa sababu .375 bila breki bado ni .375. Aliviingiza, akashika zile fimbo, akasimama mahali pake pa siku zote, hatua moja kushoto kwa mtutu. Bunduki ikalia. Hakurudi nyuma.