Historia ya mtoto wa Ng'ambo haimo ndani ya hekta 96

Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Zanzibar katika orodha ya Urithi wa Dunia, na eneo lililoorodheshwa lilipimwa: hekta 96. Hazifiki hata kilomita moja ya mraba. Tangu hapo hekta hizo zimekuwa ndizo historia yenyewe, kwa mgeni na kwa mwanafunzi pia. Skuli ikiandaa ziara ya somo la historia, watoto hupelekwa Ngome Kongwe, Forodhani, na Mkunazini kwenye kanisa lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa. Jioni hurudi makwao Kikwajuni, Miembeni, Kwahani na Magomeni, mitaa ya Ng'ambo, yaani upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, ambayo ni nadra kutajwa darasani.

Wapo wanaosema ndivyo inavyopasa, na hoja yao haifai kubezwa. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Maji ya mvua yakipata pa kupenya juu, chokaa hulainika, ncha ya boriti iliyozama ukutani huoza, na sakafu hulegea muda mrefu kabla mtu hajaona ufa. Anayeziba kwa saruji huongeza maradhi, maana unyevu hukosa pa kutokea. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika matengenezo na kuua watu wawili. Ikiwa jumba maarufu kuliko yote limefikia hapo, wanauliza, nani ana fedha za kufikiria nyumba za udongo na mabati za Ng'ambo? Watalii wanakuja kutazama milango na roshani za Mji Mkongwe. Na mwalimu mwenye darasa lililojaa na mtihani unaokaribia hana saa ya ziada.

Ipo hoja nyengine, inayosemwa kwa sauti ya chini zaidi. Historia ya Ng'ambo haisimuliki bila ya tarehe 12 Januari 1964, na Unguja hii zimo familia zilizoinuliwa na Mapinduzi na familia zilizofiwa kwa Mapinduzi. Mwalimu akimtuma mtoto wa darasa la sita amuulize babu yake habari za mwaka huo, hajui atarudi na nini. Hofu hii naiheshimu.

Lakini tazama kilichoachwa nje ya mstari wa hekta hizo 96. Miongoni mwa sababu zilizotolewa za kuuorodhesha Mji Mkongwe ni nafasi yake katika kukomeshwa kwa utumwa, na anayetajwa kwa jina katika sababu hiyo ni David Livingstone. Watu wenyewe waliotoka utumwani, wengi wao walijenga Ng'ambo, upande wa pili wa hori, yaani mkono wa bahari, kwenye viwanja vya watu wengine. Mwaka 1928 wakaazi wa huko waligoma kulipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja. Mwaka huo huo Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, naye mkaazi wa Ng'ambo, alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Mambo mawili makubwa kwa mwaka mmoja, na yote mawili yametoka katika vichochoro ambavyo ziara ya skuli haivifiki.

Hapa ndipo penye khasara kubwa. Mtoto anayefundishwa utumwa Mkunazini tu anaishia sokoni. Anajua watu waliuzwa wapi. Hajui walikwenda kuishi wapi walipokuwa huru, walijenga juu ya ardhi ya nani, wala siku waliyosema kodi hatulipi. Anabaki na picha ya watu waliofungwa, kisha wakafunguliwa na wengine. Pengine yeye mwenyewe ni kilembwe wao, na nyumba anayolala imesimama juu ya kiwanja kilichogomewa. Mstari wa hekta 96 ulichorwa kulinda majengo, na kwa kazi hiyo unafaa. Haukuchorwa kuwa mpaka wa somo la historia, na hakuna mtu UNESCO aliyeagiza utumiwe hivyo.

Na hata majengo, Ng'ambo inayo. Kambi ya polisi ya Ziwani na kituo cha redio cha Raha Leo vina uzito wake katika habari za mwaka 1964. Majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya nyumba za udongo kubomolewa, wapo wanaoyaona ni ubaya mtupu. Sikubaliani nao. Ni ushahidi, uliosimama kwa zege, wa namna serikali mpya ilivyotaka mtu wa Ng'ambo aishi.

Sisemi kila banda libandikwe kibao. Watu wa Kwahani wana haki ya nyumba bora kama mtu mwengine yeyote, na mvua haiheshimu kumbukumbu. Ninachotaka ni kwamba kabla ya tingatinga kuingia mtaa upimwe, upigwe picha, na visima, misikiti na maskani zake ziandikwe majina. Mpango wa Ng'ambo Tuitakayo, uliofanywa na Serikali kwa ushirikiano na mji wa Amsterdam, umekwisha kuonesha kuwa Ng'ambo nayo inaweza kutazamwa kama mji wenye urithi. Matunda yake yanastahili kuwa mikononi mwa walimu.

Kuhusu jeraha la 1964, ukimya wa darasani haumkingi mtoto. Habari anazipata barazani, mara nyingi za upande mmoja. Mwalimu anayeogopa anaweza kuanza na kodi ya ardhi na Bi. Siti, apate uzoefu wa kupokea masimulizi yanayopingana, kisha asogee mbele polepole. Asikawie sana, kwa sababu aliyekuwa na miaka ishirini mwaka ule amekwisha kupita themanini, na baada yake hakuna wa kuulizwa. Kwa hiyo mimi ningeanza na daftari na simu ya kurekodia, mwaka huu huu wa masomo, hata kama kila shilingi ya matengenezo itabaki Mji Mkongwe.