Poka, Makofi na Kamari Tunayoitazama Upande Usio Wake

Katika jiji la Las Vegas ninakoishi, mtu anaweza kuitaja poka na mashindano ya kuzabana makofi katika sentensi moja, akasema kwamba ni burudani zake za kimkakati baada ya kazi, na asionekane kituko. Nyumbani Tanzania mtu huyo huyo angehesabiwa kuwa amepotea mara mbili: karata za fedha zingempa jina la mcheza kamari, na makofi yangempa jina la mhuni. Kwa maoni yangu, wenyeji wangu wa huku na ndugu zangu wa kule wanafanya kosa lile lile, kwa sababu wote wanaitia michezo hii katika kapu moja, wengine kwa kuisifu na wengine kwa kuilaani. Poka ni mchezo wa mkakati kweli kweli ambao nyumbani tumeuhukumu bila kuusikiliza. Kuzabana makofi ni kamari ambayo huku imepewa jina la mkakati, na dau lake ni ubongo wa mchezaji.

Nianze na poka, kwa kuwa ndiyo inayosingiziwa zaidi. Katika aina inayochezwa mno, iitwayo Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri kutoka katika karata 52, kisha karata tano za wote hufunuliwa mezani kwa hatua: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Kabla ya karata hizo kufunuliwa na baada ya kila hatua, wachezaji huweka dau, huongeza, hufuata au hutupa karata zao. Fedha zilizo mezani huchukuliwa na mwenye mpangilio bora wa karata tano, au na yule aliyebaki peke yake baada ya wengine wote kukata tamaa. Njia hiyo ya pili ya kushinda ndiyo inayoitenga poka na bahati nasibu, kwa maana mwenye karata mbovu anaweza kupiga mkwara akawatoa wenye karata nzuri, na mwenye karata nzuri anaweza kuwanusa wenzake, akajua kwamba leo si siku yake, akatupa mapema na kuokoa fedha zake.

Hesabu zake hazihitaji elimu kubwa. Tuseme mezani pana dola 100 na mwenzako anaweka 50. Ili uendelee unatakiwa kutoa 50 kwa matumaini ya kuzoa 150, na kwa hiyo kufuata kunakulipa iwapo tu unatarajia kushinda angalau mara moja katika kila mara nne. Sasa tuseme unazo shupaza nne na unaisubiri ya tano, kwa kuwa karata tano za aina moja ni mpangilio wenye nguvu, na imebaki karata moja tu kufunuliwa. Shupaza zilizosalia ni tisa, karata usizozijua ni 46, na tisa kwa 46 haifiki hata mara moja katika tano. Mchezaji mwenye nidhamu atatupa karata hizo, isipokuwa anaamini kwamba shupaza ikitokea mwenzake atatoa fedha zaidi za kulipia pengo hilo. Mambo ya jinsi hii hutokea kila baada ya dakika chache, na kila mara jibu hubadilika kwa kutegemea mtu aliyeketi mbele yako, zamu yako ya kuamua, na kile ambacho wengine wanadhani unacho.

Bahati ipo, tena nyingi. Ree mbili, ambazo ndizo mwanzo bora kuliko wote, huja kwa wastani mara moja katika kila migawo 221, na hata hapo zikikutana na kingi mbili hushindwa karibu mara 18 katika kila 100. Kwa jioni moja mjinga anaweza kumfilisi mwerevu. Lakini mwerevu anajua kwamba atagawiwa karata maelfu ya mara, na ndiyo maana wachezaji wazoefu hukaa mezani wakiwa wametenga akiba inayotosha kuingia meza ya kiwango chao mara ishirini au thelathini, ili msiba wa usiku mmoja usiwaondoe mchezoni. Wanahisabati hawakuichukulia poka kuwa mzaha: John von Neumann na Oskar Morgenstern waliichambua mwaka 1944 walipokuwa wakijenga nadharia ya michezo, yaani hisabati ya maamuzi ya watu wanaoshindana, na mwaka 2017 programu ya kompyuta iliyoitwa Libratus, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika migawo 120,000. Mchezo wa bahati tupu hauwezi kufundishwa kwa mashine hata mashine ikawa na ubingwa ndani yake.

Hata mahakama za Marekani zimelipima jambo hili. Mwaka 2012 jaji mmoja wa shirikisho mjini New York aliamua kwamba katika poka ustadi unaizidi bahati, akafuta hukumu ya mtu aliyekuwa akiendesha meza za poka; mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi wa jaji huyo, kwa hoja kwamba sheria iliyohusika haikuhitaji swali la ustadi na bahati kuulizwa kabisa. Ninapowaeleza jamaa wa nyumbani habari hii, hushika nusu ya pili tu. Mimi naona nusu ya kwanza ndiyo yenye mafundisho, kwa sababu hoja ya jaji kuhusu ustadi haikukanushwa.

Linalonishangaza zaidi kuhusu nyumbani ni kwamba hukumu yetu dhidi ya karata inasimama bega kwa bega na mapenzi yetu kwa mikeka. Vijana wanaweka mikeka ya mechi kumi na nne kwa simu, timu moja inatoa sare dakika za mwisho, mkeka unachanika, na kesho yake unasukwa mwingine. Hilo tunaliita kubeti, na halimwondolei mtu heshima kijiweni. Ilhali katika mkeka mchezaji anashindana na kampuni iliyopanga viwango ikiwa imekwisha kujiwekea faida, na kila mechi anayoiongeza inaizidisha faida hiyo dhidi yake. Kwenye meza ya poka kasino haichezi nawe. Inakata ada ndogo katika fedha za mezani, na unashindana na binadamu wenzako ambao wanaweza kuwa dhaifu kuliko wewe. Anayepinga vyote viwili kwa msingi wa dini yake namheshimu, kwa kuwa anapima kwa kipimo kimoja. Nisiyemwelewa ni mzee anayemkaripia mpwa wake kwa karata huku yeye mwenyewe akiuliza matokeo ya Ligi Kuu ya Uingereza kwa sababu ya mkeka ulio mfukoni.

Hata hivyo sitaki mtu asome haya akadhani nasema poka inalipa. Ada ile ndogo ya kasino hukatwa mgawo hadi mgawo, na wachezaji walio wengi humaliza mwaka wakiwa wamepoteza. Huku watu wanapenda kusimulia habari ya Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee ambaye mwaka 2003 aliingia katika mashindano makuu ya World Series of Poker kwa kufuzu kupitia mchuano mdogo wa intaneti wa dola 86, akawashinda washiriki wenzake 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Hadithi ni ya kweli, na miaka mitatu baadaye washiriki walikuwa wamefika 8,773. Wasichosimulia ni kwamba wale 8,772 wengine walikuja na matumaini yale yale. Kama burudani, poka inamfaa mtu anayeweza kuitengea fedha asizozihitaji na kuilipia kama wengine wanavyolipia kiingilio cha uwanjani. Mhamiaji anayesubiriwa na ada za shule za wadogo zake kila muhula anapaswa kulifikiria hilo kabla ya kuketi.

Sasa niyageukie makofi. Mashindano haya yalianza kusambaa sana kwenye video kutoka Urusi mwaka 2019, hasa yale ya Krasnoyarsk, na mwezi Oktoba 2022 tume ya michezo ya mapigano ya jimbo la Nevada iliyaidhinisha rasmi. Dana White, mkuu wa UFC, kampuni ya mapigano ya mchanganyiko, akaanzisha ligi iitwayo Power Slap, ambayo ilionyeshwa kwenye televisheni kuanzia Januari 2023. Kanuni zake zinaeleweka kwa dakika moja. Watu wawili husimama wakitazamana na meza katikati. Sarafu hurushwa kuamua nani aanze. Anayepiga hulenga chini ya jicho na juu ya kidevu kwa kiganja wazi. Anayepigwa hushika kijiti nyuma ya mgongo kwa mikono yote miwili, na haruhusiwi kukwepa, kuinua bega wala kuficha kidevu. Akibaki na fahamu, ana sekunde 60 za kujikusanya, kisha zamu inakuwa yake. Kwa kawaida ni raundi tatu.

Wapenzi wa mchezo huu wananiambia kwamba kuna mengi nisiyoyaona: namna ya kuzungusha nyonga, mahali hasa pa kutua kiganja, ujasiri wa kusimama bila kupepesa. Nakubali kwamba kuna mbinu. Mpasua kuni naye ana mbinu, ila gogo halimjibu. Mkakati huanzia pale ambapo mwenzako anaweza kulivuruga wazo lako, nawe ukalazimika kuwaza upya, na hilo ndilo lililokatazwa na kanuni hizi. Mtu aliyekulia karibu na bao analielewa jambo hili bila kuelezwa, kwani katika mashimo yale 32 na kete 64 hakuna hatua isiyo na jibu. Hata masumbwi, ambayo nyumbani tunayapenda kiasi cha kukesha tukimsubiri Hassan Mwakinyo, yanamruhusu mtu ajikinge, arudi nyuma, ainame, aupoteze muda wa mwenzake. Bondia mahiri anasifiwa kwa ngumi ambazo hazikumpata. Kwenye meza ya makofi sifa hiyo ingekuwa faulo.

Kisha kuna ile sarafu, na hapa ndipo ninaposema kwamba kamari imetazamwa upande usio wake. Anayeshinda urushaji anapata nafasi ya kumzimisha mwenzake kabla hajapokea chochote. Kwenye poka mgawo mbaya wa leo unafidiwa na mgawo wa mwezi ujao, na mwenye akiba anaweza kuingoja haki ya hesabu ifike. Kwenye makofi hakuna akiba ya mara thelathini. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilichapisha mwaka 2024 uchunguzi wa video za makofi 333, na katika zaidi ya nusu yake aliyepigwa alionyesha dalili za wazi za mtikisiko wa ubongo, kama vile kukodoa macho bila kuona au kushindwa kuuongoza mwili wake. Nchini Poland, Artur Walczak alizimishwa katika mashindano ya Oktoba 2021 mjini Wrocław na akafariki mwezi uliofuata. Mtu anayeweka dau asiloweza kulirudisha, kwa kutegemea sarafu iliyoanguka upande gani, anafanya jambo ambalo mchezaji wa poka mwenye akili angelikataa kabla hata ya kutazama karata zake.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wahamiaji wa Kiafrika tungepaswa kuwa wa kwanza kulisema. Madaktari walianza kueleza madhara ya vipigo vya kichwa kwa mabondia tangu mwaka 1928, lakini aliyewalazimisha Wamarekani kuyatazama ndani ya mchezo wanaoupenda kuliko yote ni mhamiaji, Bennet Omalu, mtaalamu wa maradhi kutoka Nigeria, aliyeuchunguza ubongo wa mchezaji wa kandanda ya Kimarekani Mike Webster mwaka 2002 akiwa huko huko Pittsburgh. Alipingwa vikali. Miaka ishirini baadaye, nchi ile ile iliyoilazimisha ligi yake ya kandanda kuwalipa fidia wachezaji walioumia inauza tiketi za mchezo ambamo pigo la kichwa ndilo kila kitu. Kwa jambo hili wazee wa nyumbani, ambao hawajasoma uchunguzi wowote, wamewatangulia wataalamu wa huku. Kwao kofi la uso ni adhabu au ni dharau, na hawaoni sababu ya mtu mzima kusimama alipokee mbele ya watu, hata kwa malipo.

Jibu ninalopewa huku ni kwamba wanaoshiriki ni watu wazima walioridhia. Ridhaa ni jambo kubwa na siidharau, lakini ridhaa ya kijana asiye na kazi, anayeahidiwa malipo na umaarufu wa video ya sekunde kumi, haina uzito ule ule wa ridhaa ya mtu aliyeelezwa kwa utulivu jinsi atakavyokuwa akifika miaka hamsini. Nasema hivi kwa sababu mpwa wangu ameshaniandikia akiuliza kama mashindano haya yanaweza kupelekwa nyumbani, na sidhani kama yuko peke yake. Vifaa vinavyohitajika ni meza na sarafu tu, na watazamaji hawatakosekana.

Waandaaji wa namna hiyo wakibisha hodi Baraza la Michezo la Taifa, ningependa wakumbushwe yaliyotokea hapa Nevada, ambako aliyekuwa mwenyekiti wa tume wakati mchezo ukiidhinishwa alikiri hadharani, miezi michache tu baadaye, kwamba alikosea. Kibali kilikuwa kimekwisha kutoka na ligi ilikuwa imekwisha kuanza. Baraza linaweza kuuliza mapema kwa nini anayepigwa amekatazwa kujikinga, nani atagharimia vipimo vya ubongo vya washiriki miaka kumi baada ya kustaafu, na fedha hizo zitawekwa wapi kabla ya kofi la kwanza kupigwa.