Kutu haihesabu saa za kuruka

Wapo wanaotaka ukaguzi wa kutu kwenye injini za ndege uwe wa lazima. Umri wa injini ya ndege huhesabiwa kwa saa ilizoruka. Kutu haina habari na hesabu hiyo. Hula chuma hata ndege ikiwa imelala uwanjani, na hapo ndipo hula kwa raha zaidi.

Mwaka 2020 ulitukumbusha. Korona ilipozilaza ndege, mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo la dharura mwezi Julai: Boeing 737 za matoleo ya kabla ya MAX zilizokaa siku 7 au zaidi bila kuruka zikaguliwe vali fulani za hewa za injini. Taarifa 4 za injini kuzimika zilikuwa zimefika, vali zikiwa zimenasa wazi kwa kutu. Agizo liligusa ndege zipatazo 2,000 nchini humo. Wakati huo uwanja wetu wa Entebbe, Uganda, nao ulikuwa kimya, na abiria hawakurudi hadi Oktoba.

Kwa hiyo wanaotaka ukaguzi huo uwe wa lazima hawapigi kelele bure, hasa kwa ndege ndogo kama zinazotua Kajjansi, kiwanja kidogo karibu na Kampala. Chukua injini ya Lycoming, ile inayosukuma Cessna 172 nyingi, ndege ndogo za viti vinne. Kamshafti yake, mhimili unaofungua vali, imekaa juu ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Ukizima, oili huchuruzika chini na chuma hubaki uchi. (Afadhali Ziwa Victoria letu halina chumvi, wa Mombasa penye bahari wana shida zaidi.) Kutu huchimba vishimo vidogo, na injini ikianza kazi tena, vishimo hivyo husaga tapeti, vipande vinavyosukumwa na kamshafti. Fundi hukata filta ya oili, hukunjua karatasi yake na kupitisha sumaku: ikitoka na ndevu za chuma, mambo yameharibika. Wenye ndege wengine huwasha injini dakika chache kila wiki bila kuirusha, wakidhani wanaitibu. Oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu, basi wanauongeza tu.

Lakini kufungua injini nako kuna madhara yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanasayansi C. H. Waddington alichunguza ndege za doria za Uingereza akakuta hitilafu zinapanda mara tu baada ya ukaguzi wa ratiba, kisha zinashuka. Nati haikukazwa, bomba limeguswa. Halafu kuna mwenye ndege moja: ikikaa chini wiki tatu ikisubiri spea kutoka nje, ukaguzi wenyewe umeipa kutu wiki tatu za kula.

Mimi naunga mkono ulazima, ila si ratiba moja kwa wote. Ndege inayopeleka watalii mbuga ya Kidepo kila siku iachwe ifanye kazi. Iliyolala mwezi ndiyo ianze na filta. Kwa Lycoming nyingi, kuiona kamshafti vizuri hudai kung'oa silinda, na hilo lisifanywe mpaka sumaku iseme. Wala mkaguzi hahitaji fomu mpya: tarehe za safari ziko kwenye kitabu cha ndege, atafute tu pengo kati ya mstari mmoja na unaofuata.