Mwalimu, Namba Hiyo Uliiandika Mwenyewe

Haya, mwalimu wa piano kafuta tena namba ya kidole (gumba ni 1, kidole kidogo ni 5). Juu ya noti ileile ambayo juma lililopita aliiandikia 4 kwa mkono wake mwenyewe, leo kuna 3, na imezungushiwa duara mara mbili kana kwamba aliyekosea ni mwanafunzi. Onyesho ni Jumamosi. Asiyepiga piano atasema kidole ni kidole, kibonye si kimebonyezwa? Jamani. Ukibadilisha namba moja ya kidole katikati ya mstari, vidole vyote vinavyofuata vinakosa pa kutua, na kipande kilichokuwa kinakwenda chenyewe kinarudi kuwa kigeni. Mazoezi ya juma zima yameliwa na raba.

Sisemi kitu. Mwalimu ni mzazi, na mzazi habishiwi. Ila lile somo la skeli ya C meja acha nilisemee, maana limetutesa wengi na bado linaitwa la watoto.

Vibonye vyeupe vitupu, noti nane zinazopanda kwa ngazi kutoka C hadi C. Mwanafunzi kaja kakata kucha, kakaa. "Sogea mbele, kalia nusu ya kiti." Anasogea. "Viwiko viwe usawa wa vibonye." Kiti kinazungushwa kupanda, kinazungushwa kushuka. "Mabega." Yana nini, mwalimu? "Yako masikioni." Robo ya somo imekwisha, piano haijatoa hata mlio.

Sasa mkono wa kulia: 1, 2, 3, kisha gumba lipite chini ya kidole cha kati likapige noti ya nne, F, halafu 2, 3, 4, 5. Do, re, mi, PUM! "Umeinua kiwiko." Rudia. PUM! "Gumba limechelewa." Na kweli limechelewa: lilisubiri 3 imalize kazi ndipo likakurupuka, mkono mzima ukalisindikiza, F ikatoka kwa kishindo. Gumba linatakiwa lianze safari mara tu 2 inapopiga, lifike juu ya F mapema, litulie pale likingoja zamu yake. Mwalimu akionyesha, mkono wake unateleza tu, huoni hata lilipopita. Rudia. Pum ndogo. "Afadhali."

Mkono wa kushoto nao una sheria zake. Unapanda kwa 5, 4, 3, 2, 1, gumba likifika noti ya tano, G, kidole cha kati kinavuka juu yake kwenda ya sita, A. "Sasa yote miwili pamoja!" Hapo ndipo ndoa inapovunjika, kwa sababu kulia anageukia F wakati kushoto bado anatembea, na kushoto akigeuka pale A, kulia keshasahau yuko kidole gani. Vyote vinasimama. "Kwa nini umesimama?" Swali gani hilo, mwalimu?

Kinachouma zaidi, Chopin, yule mtunzi na mpiga piano, alipokuwa akifundisha Paris alikuwa akianza na B meja, yenye vibonye vyeusi vitano. Vidole virefu vinakaa juu ya vyeusi, gumba linapata nafasi ya kupita chini bila kubanwa. C meja aliiweka mwisho kwa kuwa ndiyo ngumu kwa mkono. Sisi tunaanza nayo kwa kuwa ni rahisi kusoma. Mkono unasoma?

Metronomu je, kile kidude cha kugonga mapigo? Inawekwa mapigo 60 kwa dakika, noti moja kwa kila mlio. Ukipiga mara 3 bila kosa unapanda hadi 64. Ukiharibu mara ya tatu, hesabu inaanza upya. Mtu aitwaye Maelzel alipata hataza ya hicho kidude mwaka 1815.

Halafu ubadilishe mwalimu uone. Wa kwanza: "Kunja vidole, kana kwamba umeshika chungwa." Wa pili: "Nani kakwambia ukunje? Nyoosha, gusa kwa nyama ya kidole, uzito utoke begani." Wote wako sahihi: kukunja kunasaidia noti za mbio zitoke moja moja, kunyoosha kunasaidia wimbo wa taratibu uimbe. Wangesema hivyo tu yakaisha! La, kila mmoja anaitoa kama amri ya mlimani, na mkono ni huuhuu mmoja.

Na kidole cha nne tusikionee. Weka kiganja mezani, kunja cha kati kiingie chini, kisha jaribu kuinua cha nne. Umeona? Kimefungwa kwa kano na wenzake, hakina uhuru. Mtunzi Schumann aliharibikiwa na mkono wa kulia angali kijana, ndoto ya kuwa mpiga piano ikafa, akabaki na kutunga. Yule Schumann!

Pedali, ile ya mguuni inayoshikilia sauti: wanafunzi wanaikanyaga pamoja na noti, sauti ya zamani inachanganyika na mpya, matope matupu. Mguu unapanda noti mpya inapopigwa, kisha unakanyaga mara tu baada yake. Basi.

Kinanda cha umeme chenye vibonye 61: unafika pembeni muziki unaendelea na kinanda kimekwisha. Piano ina 88.

Ndugu: "Hebu tupigie kitu." Ukianza tu, wanaanza kuzungumza.

Na hao ndugu ndio wanaosukuma piano ikae dirishani ipendeze, jua liipige. Hewa ikiwa na unyevu ubao wa sauti unavimba, nyuzi zinakazika, sauti inapanda. Hewa ikikauka inashuka. Fundi kaja, kakaza nyuzi zaidi ya 200 moja baada ya nyingine, kaondoka, nao wanafungua dirisha mvua iingie. Juu ya piano wamepanga picha za harusi, zinatetema kila ukigusa besi, kisha mtu anauliza mbona piano inakoroma. Ondoeni hizo fremu! Na hicho kikombe cha chai ni cha nani?