Nani aliwafungua kiapo askari wa Sultani?

Babu mzaa mama alikuwa askari wa Liwali, mwakilishi wa Sultani wa Zanzibar, hapa Lamu. Mkanda wake ninao. Bati la mbele limeliwa na chumvi na tundu la tatu limechanika, lakini ngozi ingali laini, maana kila Ijumaa akiupaka mafuta ya nazi mpaka mwaka aliofariki.

Alikuwa amemwapia Sultani, kwa msahafu. Oktoba 1963, kwa mkataba uliotiwa saini London, Sultani wa Zanzibar aliuachia Mwambao, ule ukanda wa maili kumi, uingie Kenya. Desemba tukapata uhuru. Tarehe 12 Januari 1964, siku chache kabla ya Ramadhani, yakatokea mapinduzi Unguja na Sultani mwenyewe, Jamshid bin Abdullah, akakimbilia baharini.

Babu alifunga siku tatu, kafara ya yamini, yaani fidia ya kiapo kilichovunjwa. Bibi alipomuuliza amevunja nini, alijibu: "Sijui nimevunja au nimevunjiwa."

Jibu hilo haliniachi. Simlilii Sultani, utawala ule ulishiba jasho la watumwa, na mashamba ya pwani hii ni ushahidi. Ninaowaonea uchungu ni walioapa, kisha aliyeapiwa akaondoka.

Mfalme Umberto wa Pili wa Italia, Juni 1946, baada ya wananchi kuchagua jamhuri, aliwafungua waliomwapia: kiapo kwa mfalme kimekwisha, kiapo kwa nchi kimebaki. Kikosi kilichokuwa kikimlinda mfalme, Corazzieri, leo kinamlinda rais. Lakini Paris, tarehe 10 Agosti 1792, Mfalme Louis wa Kumi na Sita alikuwa ameshatoka jumbani kwake pale walinzi wake Waswisi walipokuwa wakilipigania. Wakafa kwa mamia, wakilinda jumba lisilo na mwenyewe. Amri ya kuweka silaha chini iliwafikia mapigano yameshawaka.

Kwa hiyo naona aliyeapiwa ana deni. Akiondoka, aseme kwa mdomo wake: nimewafungua. Ni neno moja tu, na lingemtosha babu yangu.

Sisi wenyewe tukisimulia Ngome ya Lamu, twasimulia mizinga, na gereza lililokuwamo mpaka 1984. Waliosimama mlangoni hatuwataji. Kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyevaa mkanda kama huu, muulize aliapa kwa maneno gani, uyaandike yalivyo. Sisi babu yetu hatukumuuliza.