Kesho Ukifika Nione

Jamani, kazi yenyewe haijawahi kunishinda. Hesabu za mwisho wa mwezi naziweza, na ile printa inayotafuna karatasi kama mbuzi tumeshazoeana. Kinachonimaliza ni bosi na simu yake.

Juzi usiku, saa nne na robo, nimeshamenya chungwa, miguu iko juu ya stuli, WhatsApp ikalia: "Kesho ukifika nione." Basi. Salamu hakuna, sababu hakuna. Nikajibu, "Sawa bosi, kwema?" Tiki mbili za bluu. Kimya.

Chungwa likanishinda. Nikaanza kujipekua: ni ile risiti ya mafuta? Au ni siku ile niliyoaga naenda msibani, nikaonekana Kariakoo najaribu viatu? Mke wangu akauliza, "Kwani umeiba?" Nikamwambia sijui, labda. Saa nane usiku niko kitandani nasoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku. Safi kabisa! Ila walioitunga hawakuijua WhatsApp, maana ilikuja 2009, kwa hiyo usingizi wangu haumo.

Alfajiri niko kituoni Gongo la Mboto. Humo ndani ya daladala pua yangu iko kwapani mwa mtu, konda anasema, "Sogea nyuma baba, kweupe." Nafika ofisini, mashine ya vidole inakikataa kidole changu. Nakifuta kwenye suruali, nakipuliza, inakataa. Nikasema tayari, nimeshafutwa. Mlinzi akacheka: "Hiyo imewakataa wote tangu jana."

Bosi mwenyewe aliingia saa nne. Mimi nimelowa jasho chini ya kiyoyozi.

"Aah, kaa." Akavuta droo, akatoa bahasha. Nyeupe. Jina langu limeandikwa kwa mkono. Magoti yakaniisha nguvu. Nikaipokea kwa mikono miwili kama mtoto wa kipaimara, nikafungua nusu, nikachungulia kwa jicho moja.

Kadi ya mchango. Harusi ya mpwa wake. Singo elfu hamsini, dabo laki.

Kwa furaha nikaahidi dabo! Mbele ya katibu muhtasi! Na leo ni tarehe 12, mshahara wenyewe uko huko mbele kama mbingu.

Sasa hivi naandika haya ni saa tano usiku. Simu imelia tena: "Ile ahadi vipi?"